Kesi Iliyokwisha Bila Hukumu ya Hatia: Mwombaji Kazi Amwambie Nini Mwajiri?

Mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kazi nyingi zenye mshahara wa uhakika ziko mikononi mwa kampuni za migodi, wakandarasi wanaozihudumia, mabenki na mashirika ya misaada, na waajiri hao huomba faili lenye karatasi nyingi zaidi ya diploma na barua ya maombi. Miongoni mwa karatasi hizo zimo mbili zinazowanyima watu usingizi: kazie judisieri, inayoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na utawala wa mji au wa komini, yaani sehemu ya mji. Zaidi ya hapo, fomu yenyewe ya maombi mara nyingi huwa na swali kuhusu polisi na mahakama. Mtu ambaye hajawahi kuitwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, hulijibu swali hilo bila kuinua kalamu. Lakini yule aliyelala kasho, yaani mahabusu ya polisi, au aliyekaa miezi kadhaa katika gereza la Kasapa kwa tuhuma ambayo mwishowe haikuthibitishwa, anaweza kuiacha fomu nusu na kuikosa kazi aliyoistahili.

Majibu anayopewa mtaani hayamsaidii, kwa sababu yanapingana. Wapo wanaomwambia kwamba mtu akishashikwa na polisi jina lake limeharibika moja kwa moja, na kwamba hakuna kampuni itakayomchukua. Wapo wengine wanaomhakikishia kwamba kesi ikifutwa ni kana kwamba haikuwahi kuwapo, kwa hiyo kila swali linalohusu mambo ya haki anapaswa kulijibu kwa neno moja: hapana. Kauli zote mbili si za kweli, na ninaona ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa humfanya mtu asiye na hatia aseme uongo pasipo sababu, kisha aipoteze kazi kwa ajili ya uongo huo, wala si kwa ajili ya ile tuhuma.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kwanza kutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Tuhuma ni maneno ya mtu: jirani, bosi wa zamani au polisi anadai kwamba umetenda kosa. Maneno hayo yakifika kwa afisa wa upelelezi, yule ambaye sote humwita OPJ, huandikwa katika PV, yaani taarifa rasmi ya maandishi, na faili linaweza kupelekwa parke kwa mwendesha mashtaka, ambaye ndiye anayeamua kama kuna jambo la kupeleka mbele ya hakimu. Akilipeleka, mtuhumiwa anakuwa mshitakiwa. Hukumu ni uamuzi unaotolewa na mahakama baada ya kusikiliza shauri, na huwa ya mwisho pale tu ambapo njia za kuipinga zimekwisha kutumika au muda wa kuzitumia umepita. Kwa mfano, mshitakiwa asiyeridhika na hukumu ya jinai ana siku 10 za kukata rufaa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kila anayetuhumiwa kwa kosa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe kwa hukumu ya mwisho. Tuangalie mahali ambapo kifungu hicho kimeweka mpaka. Hakikuuweka kwenye siku ya kukamatwa, wala kwenye mlango wa gereza, wala kwenye siku ya kwanza ya kusimama mbele ya hakimu. Hata hukumu ya kwanza ya kumtia mtu hatiani, ikiwa imekatiwa rufaa, bado haijauvuka mpaka huo.

Zahanati inatupa mfano mzuri wa jambo hili. Mtu mwenye homa hupimwa tone la damu ili kutafuta malaria. Majibu yakirudi kwamba hakuna kimelea, mtu huyo alipimwa, lakini hakuwa na malaria. Akiulizwa kama safari ile aliugua malaria, atajibu hapana na atakuwa amesema kweli. Akiulizwa kama alipimwa, akajibu hapana, atakuwa amedanganya, hata kama majibu yalikuwa safi kabisa. Na aliyeondoka zahanati kabla majibu hayajatoka hawezi kusema ndiyo wala hapana. Anachoweza kusema ni kwamba bado anasubiri.

Wengi hukwama kwenye suala la kufungwa kabla ya hukumu, na kukwama huko kunaeleweka, kwa kuwa macho ya mtaa huona gereza tu. Sheria inasema polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha kwa mamlaka ya haki. Hayo yamo katika kifungu cha 18 cha Katiba. Mwendesha mashtaka anaweza kutoa hati ya kukamata ya muda, isiyozidi siku 5, akimpeleka mtuhumiwa kwa hakimu wa Mahakama ya Amani, naye hakimu anaweza kuruhusu mtu azuiliwe kwa siku 15, kisha kuongeza mwezi mmoja mmoja. Katika utekelezaji muda huo hurefuka sana, na katika magereza ya nchi yetu wanaosubiri kuhukumiwa ni wengi kuliko waliokwisha kuhukumiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa Kasapa nusu mwaka, atoke, na machoni pa sheria asiwe na doa lolote.

Kinyume chake pia hutokea, na hapo ndipo watu hushangaa zaidi. Mwingine hakulala gerezani hata usiku mmoja: alifika mahakamani kutoka nyumbani kwake, akasomewa kifungo chenye sursi, yaani kifungo ambacho utekelezaji wake umesimamishwa ili mahakama ione kama atarudia kosa, akarudi kwake Katuba jioni ileile. Huyu amehukumiwa. Hukumu yake ikiwa ya mwisho, akiulizwa kama amewahi kuhukumiwa, jibu lake ni ndiyo, ingawa majirani hawajui lolote, na yule aliyekaa Kasapa nusu mwaka kisha akaachiwa huru na mahakama anajibu hapana, ingawa mtaa mzima ulimwona akipandishwa gari la polisi. Anayetaka kujibu fomu vizuri hana budi kuacha kuyapima mambo kwa gereza, na kuyapima kwa hukumu.

Sasa tuzitazame njia ambazo kesi huishia bila hukumu ya hatia, kwa sababu hazifanani, na kila moja ina karatasi yake.

Njia iliyo imara kuliko zote ni mahakama kumwachia mshitakiwa huru baada ya kusikiliza kesi. Uamuzi huo ukishakuwa wa mwisho, hawezi tena kushitakiwa kwa jambo lilelile. Mtaani hupenda kusemwa kwamba fulani "aliachiwa kwa sababu ya mashaka tu", kana kwamba huko ni kuachiwa kwa daraja la chini. Sheria haina madaraja hayo. Shaka humnufaisha mshitakiwa, na aliyeachiwa kwa shaka ameachiwa sawasawa na yule ambaye mashahidi wote walimtetea. Karatasi za kutafuta kwa karani wa mahakama ni mbili: nakala ya hukumu, na cheti kinachothibitisha kwamba hakuna aliyekata rufaa. Ya kwanza bila ya pili ni nusu ya kazi, kwa sababu mwajiri makini atauliza kama hukumu hiyo bado imesimama.

Njia ya pili, ambayo huenda ndiyo inayowachanganya watu zaidi, ni mwendesha mashtaka kuliweka faili kando bila kulipeleka mahakamani. Kwenye karatasi za parke uamuzi huo huandikwa "classement sans suite". Hufanyika ushahidi unapokosekana, au jambo linapokuwa dogo mno, au tendo lenyewe lisipokuwa kosa mbele ya sheria. Uamuzi huo si hukumu, kwa hiyo hauwezi kumtia mtu hatiani. Lakini kwa sababu hiyohiyo haumsafishi kama hukumu ya kuachiwa huru inavyomsafisha. Ni uamuzi wa ofisi, na ofisi inaweza kulifungua tena faili likipatikana jambo jipya, mradi muda wa kushitaki haujapita. Muda huo hutegemea uzito wa kosa: mwaka 1 kwa makosa ambayo adhabu yake ya juu haizidi kifungo cha mwaka mmoja, miaka 3 kwa yale yasiyozidi kifungo cha miaka mitano, na miaka 10 kwa makubwa zaidi. Wizi wa kawaida, usio na ujeuri wala vitisho, adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 5, kwa hiyo uko kwenye kundi la miaka 3. Hesabu hiyo lakini inaweza kuanza upya kila kitendo cha upelelezi kinapofanyika kabla muda haujaisha, na ndiyo maana haifai mtu kujihesabia mwenyewe nyumbani kwa kalenda ya ukutani. Avoka, yaani wakili, au karani wa parke ndiye atakayemwambia faili liko katika hali gani.

Ipo pia njia ya malipo. Kwa makosa madogo ambayo hakimu angeishia kutoza faini tu, OPJ au mwendesha mashtaka anaweza kumwalika mtuhumiwa alipe kiasi fulani kwenye Hazina ya Serikali, na malipo hayo yakaizima kesi. Hapa pia hakuna hukumu. Lakini lazima niseme waziwazi jambo ambalo kila mkazi wa mji huu analijua: si kila pesa inayotolewa polisi inaingia Hazina. Aliyetoa pesa mkononi, bila risiti ya Serikali, hakumaliza kesi yake kisheria. Alinunua mlango wa kutokea siku ile, na PV yake inaweza kuwa bado imelala ndani ya kabati. Mtu wa namna hiyo akijaza kwenye fomu kwamba jambo lake lilimalizika, anaandika kitu asichoweza kukithibitisha.

Vivyo hivyo kwa wale wanaosema, "Sisi tulisha patana." Kupatana na mlalamikaji ni jambo jema, na mara nyingi humshawishi mwendesha mashtaka aliweke faili kando, lakini kwa makosa mengi kesi ya jinai si mali ya mlalamikaji. Akishafikisha jambo parke, ni la Serikali, na kuondoa kwake malalamiko hakulizimi peke yake. Yapo makosa machache ambayo huendeshwa kwa malalamiko ya mtu aliyeumizwa tu, kama uzinzi, na huko kuondoa malalamiko hukata kesi. Wizi, kutumia vibaya amana, kughushi karatasi, yaani tuhuma zinazowakumba wafanyakazi mara nyingi, si katika hayo.

Halafu kuna kuachiwa kwa muda. Mtu analipa dhamana, anatoka Kasapa, familia inampokea kwa nyimbo, na kuanzia siku hiyo wote wanahesabu kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Ameruhusiwa kusubiri akiwa nyumbani, akiwa na masharti ya kufika anapoitwa na ya kutoondoka bila ruhusa. Huyu ndiye yule aliyetoka zahanati kabla ya majibu. Fomu ikimuuliza kama ana kesi inayoendelea, jibu ni ndiyo, na ni heri aliseme yeye kabla hajapangiwa kazi Kolwezi au Fungurume, mbali na mahakama inayomsubiri.

Mambo mawili yaliyobaki hayatahitaji maneno mengi. Msamaha wa Rais wa Jamhuri, unaotajwa katika kifungu cha 87 cha Katiba, husamehe adhabu au huipunguza, lakini hukumu hubaki. Amnestia, ambayo lazima ipitishwe kwa sheria, kama ile ya tarehe 11 Februari 2014 iliyohusu matendo ya uasi, ya vita na makosa ya kisiasa, huliondolea tendo lenyewe sura ya kosa. Aliyesamehewa na Rais alihukumiwa. Aliyeguswa na amnestia aonyeshe sheria iliyomgusa.

Baada ya hayo tunaweza kurudi kwenye karatasi. Kazie judisieri, ambayo juu yake utasoma "extrait de casier judiciaire", hutolewa na upande wa haki, na kinachotakiwa kuonekana humo ni hukumu za hatia. Kukamatwa hakuandikwi humo, wala faili lililowekwa kando, wala hukumu ya kuachiwa huru. Aliyeshitakiwa akaachiwa anapaswa kupata kazie isiyo na kitu, sawa na mtu mwingine yeyote, na wala hatakiwi kuogopa kwenda kuiomba. Cheti cha mwenendo mwema ni kitu kingine: kinatoka kwa utawala, kinasema jinsi mtu anavyojulikana anakoishi, na hakina uwezo wa kumtia mtu hatiani. Kama karani wa komini anakataa kukitoa kwa kuwa "ulishawahi kufungwa", mwonyeshe hukumu yako ya kuachiwa huru, na umwombe kwa heshima aweke kukataa kwake kwenye maandishi.

Lakini kazie safi haijibu kila swali lililo kwenye fomu, na hapa ndipo shida nzima ilipo. Fomu haziulizi kitu kimoja. Moja huuliza: je, umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai? Nyingine: je, umewahi kushitakiwa? Nyingine tena: je, umewahi kukamatwa? Aliyeachiwa huru na mahakama anajibu la kwanza kwa hapana, na hana deni la maelezo kwa mtu yeyote. La pili na la tatu anajibu ndiyo, kisha anaeleza. Aliyewekewa faili kando kabla ya kufika mahakamani anaweza kusema hapana kwa la kwanza, na kama swali ni kuhusu kukamatwa na kweli alikamatwa, ndiyo kwa la tatu. Kuna pia fomu zinazouliza kwa neno pana, kama vile kuwa na "antécédents judiciaires", yaani historia yoyote ya mambo ya mahakama. Kwa swali la namna hiyo ningeshauri usiandike ndiyo wala hapana peke yake, ila sentensi kamili iliyo kweli kwa kila upande: "Sijawahi kuhukumiwa kwa kosa lolote la jinai."

Swali pana kuliko yote huwafikia watu wetu kupitia mashirika ya kimataifa. Fomu ya wasifu ya Umoja wa Mataifa iliyojulikana kwa jina la P.11, ambayo Wakongo wengi wameijaza, iliuliza kama mwombaji amewahi kukamatwa, kushitakiwa au kuitwa mahakamani kama mshitakiwa, au kuhukumiwa, kutozwa faini au kufungwa, ikiacha nje makosa madogo ya barabarani tu. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, nayo inauliza kuhusu kukamatwa, si kuhukumiwa peke yake. Mbele ya maswali kama hayo, kusema hapana kwa sababu kesi ilifutwa ni kutoa tamko lisilo la kweli, na mashirika hayo huichukulia kauli ya uongo kwa ukali kuliko tuhuma ya zamani iliyokwisha vizuri.

Ushauri wa kujibu hapana kwa kila kitu unatoka wapi, basi? Sehemu yake hutoka kwenye maandishi yanayosambaa katika simu, yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Katika jimbo la California, kwa mfano, kifungu cha 432.7 cha Kanuni ya Kazi humkataza mwajiri, katika hali nyingi, kumuuliza mwombaji habari za kukamatwa ambako hakukuzaa hukumu. Kanuni hiyo ni ya huko, na inawalinda walio huko. Anayejaza fomu akiwa Kampemba, hapa Lubumbashi, hawezi kujikinga nayo, kama vile mwajiri wa hapa hawezi kuadhibiwa nayo.

Je, mtu asipoulizwa aseme? Kwa maoni yangu, hapana, kwa kawaida. Tuhuma iliyokufa si sehemu ya diploma wala ya ujuzi wake, na hakuna sababu ya mtu kulileta mezani jambo ambalo mahakama imekwisha kuliondoa. Hata hivyo, hali fulani hubadilisha ushauri huo. Iwapo kesi bado iko wazi na inaweza kukuita wakati wa kazi, sema. Iwapo unaomba kazi ya kushika pesa au ghala, na tuhuma ya zamani ilihusu pesa au mali ya ghala, na jambo lilisikika mjini, ni afadhali mwajiri alisikie kwako ukiwa na hukumu mkononi kuliko kulisikia kwa mtu anayekumbuka siku ya kukamatwa tu. Ulimwengu wa migodi ni mdogo: msimamizi wa karakana ya Likasi jana ndiye mkuu wa wafanyakazi wa Lubumbashi leo.

Hali nyingine ni pengo katika wasifu. "Mama, naona hapa miezi saba hakuna kitu. Ulikuwa wapi?" Swali hilo huulizwa bila nia mbaya, na wengi walioteseka bila hatia huanguka hapo, kwa kubuni kazi ambayo hawakuifanya au safari ya kwenda kwa ndugu Zambia. Hakuna haja. Jibu fupi linatosha: "Papa, nilishtakiwa bila kosa, mahakama ikaniachia huru, hukumu ninayo hapa, na tangu siku hiyo nimerudi kazini." Anayesema hivyo ameanza na yeye na kumalizia kwenye kazi, na hakutumia dakika kumi kumlaani aliyemshitaki. Walioachiwa huru wana haki ya kuwa na uchungu, lakini chumba cha mahojiano si mahali pa kuumwaga, kwa sababu mwajiri hana njia ya kupima nani kati yenu alikuwa mkweli. Ana njia ya kusoma hukumu tu.

Kwenye fomu, pale panapotakiwa maelezo, mpangilio una uzito mkubwa. Anza na matokeo, kisha tuhuma, kisha karatasi. Kwa mfano: "Sijawahi kuhukumiwa. Mwaka 2021 nilishitakiwa kwa wizi wa nyaya mahali nilipokuwa nikifanya kazi; mahakama iliniachia huru na hakuna rufaa iliyokatwa. Nakala ya hukumu na cheti cha kutokatwa rufaa vimeambatanishwa." Ukianza na wizi, msomaji aliyechoka, mwenye mafaili mia mbele yake, ataishia kwenye neno hilo.

Zipo sababu za kisheria pia za kutosema uongo. Mkataba wa kazi ni makubaliano, na Kanuni ya Madeni ya mwaka 1888, inayotumika hadi leo, haikubali ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu. Kanuni ya Kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 72, inaruhusu mkataba uvunjwe papo hapo pasipo notisi kwa kosa zito. Mwajiri akigundua kwamba ulijibu uongo swali lililokuwa wazi, atajaribu kutumia mojawapo ya sheria hizo mbili. Kinyume chake, mfanyakazi aliyejibu kweli swali aliloulizwa, kisha akafukuzwa kwa sababu mtu amenong'ona kuhusu tuhuma ya zamani, ana pa kusimama: kifungu cha 62 kinataka sababu halali inayohusu uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake kazini au mahitaji ya kampuni, naye anaweza kwenda kwa Inspeksheni ya Kazi, na usuluhishi ukishindikana, mahakamani. Tukiri lakini kwamba ulinzi huo ni wa aliyekwisha kuajiriwa. Mwombaji aliyekataliwa mlangoni mara nyingi haambiwi hata sababu, na kuithibitisha ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana maandalizi ya karatasi yana thamani kabla ya mahojiano kuliko baada yake.

Mwajiri wa zamani naye ana mipaka. Mkataba unapokwisha, Kanuni ya Kazi inamlazimu atoe cheti kinachoeleza aina na muda wa kazi, bila kuongeza maneno mengine. Haruhusiwi kuandika humo kwamba fulani alituhumiwa kwa wizi wa mafuta ya gari, hata kama tuhuma hiyo aliifikisha parke yeye mwenyewe. Ukipewa cheti chenye maneno kama hayo, usikitie kwenye faili kwa aibu. Kirudishe na udai kingine.

Nimalizie na wanaoandika fomu hizi, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kupunguza mateso haya kwa kubadili mstari mmoja. Swali la kukamatwa linawakusanya pamoja mwizi na aliyesingiziwa, na katika mji ambako mtu huweza kushikwa kwa deni la jirani, jibu lake halimfundishi mwajiri lolote kuhusu uaminifu wa mtu. Anayeajiri mtunza ghala anaweza kuuliza kama mwombaji amewahi kuhukumiwa kwa hukumu ya mwisho kwa kosa la wizi, udanganyifu au matumizi mabaya ya amana, na kama ana kesi ya namna hiyo ambayo bado iko mahakamani. Hayo mawili yanamtosha. Na mwombaji akileta hukumu ya kuachiwa huru, karatasi hiyo ikae kwenye faili la idara ya wafanyakazi, isizungushwe kwa wasimamizi wa karakana, maana kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha binafsi ya kila mtu, na kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayemtangazia mwenzake hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahsusi la kumvunjia heshima.